Jicho Lisilokauka: Mfereji wa Machozi na Upasuaji Wake

Yako maradhi ya macho yasiyopofusha wala kuua, na kwa sababu hiyo hiyo mtu anaweza kukaa nayo nusu ya umri wake bila yeyote kuyashughulikia. Jicho linatoka machozi, basi. Unajifuta, unaendelea na kazi. Ukifika hospitali unakuta foleni ya wenye mtoto wa jicho, wenye presha ya macho, watoto waliochomwa na vijiti, na wewe unaona haya kusema kwamba kilichokuleta ni machozi tu. Mimi nilikuwa na jicho la namna hiyo, la kushoto, kwa miaka mingi ya ualimu wangu hapa Tanga. Leo linatoka machozi pale tu ninapolia. Naandika kwa ajili ya wale ambao bado wanatembea na kitambaa mkononi, na kwa ajili ya ndugu zao wanaowaambia kuwa ni vumbi.

Asiyewahi kuwa na jicho hili hawezi kujua linavyochosha. Machozi yakijaa kwenye ukingo wa ukope, maandishi yanacheza. Nilikuwa nikisahihisha madaftari nasoma mstari ule ule mara mbili, mara tatu. Asubuhi kope zimegandana kwa tongotongo, mpaka uziloweke kwa maji ya uvuguvugu ndipo zifunguke. Ngozi ya chini ya jicho inachubuka kwa kufutwa, inawasha, inaiva. Kadiri unavyofuta ndivyo ukope wa chini unavyolegea na kuachana na jicho, na hapo machozi yanapata njia nyingine ya kumwagika. Upepo wa baharini ulinitesa kuliko kitu chochote. Watoto wa darasa la pili waliniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, nani amekuudhi?" Harusini watu walinivuta pembeni wakitaka kujua kulikoni.

Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Vumbi la chaki. Moshi wa kuni. Kijicho cha jirani. Umri. Duka la dawa wakanipa matone ya antibiotiki, usaha ukapungua, kisha ukarudi. Zahanati nikaandikiwa matone mengine, halafu ya mzio, halafu nikashauriwa miwani. Dawa zile zina kazi yake, tena kazi kubwa, ila ni kwa magonjwa mengine. Kutia matone kwenye jicho ambalo mfereji wake umeziba ni sawa na kupaka rangi ukuta unaolowana kwa bomba lililopasuka ndani: rangi inapendeza kwa muda, na bomba liko pale pale.

Aliyebadilisha mambo alikuwa binti mmoja, mtaalamu wa macho aliyekuja na kambi ya uchunguzi shuleni kwetu kupima wanafunzi. Watoto walipokwisha, na walimu tukapanga mstari. Akaniangalia, akasema, "Shikamoo mwalimu. Naomba nibonyeze hapa." Akaweka kidole kwenye kijishimo kilicho kati ya kona ya jicho na mwamba wa pua, akakandamiza kuelekea ndani. Usaha mzito ukapanda na kujaa jichoni. Akaupangusa kwa pamba na kunionyesha. "Mfereji umeziba, mwalimu. Matone hayataufungua. Nakuandikia rufaa."

Kule kubonyeza kulimchukua muda mfupi kuliko inavyonichukua kuandika sentensi hii. Hakuhitaji mashine wala umeme. Katika miaka yote ya matone hakuna mkono mwingine uliowahi kugusa mahali pale, na hilo ndilo linalonifanya niandike.

Nieleze sasa machozi yanakwenda wapi, maana wengi wetu tunajua yanakotoka tu. Tezi kuu ya machozi iko juu ya jicho, upande wa nje, chini ya mfupa wa nyusi. Inatoa maji kidogo kidogo mchana kutwa, na kila unapopepesa jicho maji hayo yanatandazwa juu ya mboni na kusukumwa upande wa pua. Ukijitazama kwenye kioo na kuvuta kidogo ukope wa chini karibu na pua, utaona kitundu kidogo sana, chini ya nusu milimita. Kingine kiko kwenye ukope wa juu. Hivyo ndivyo vitundu vya machozi. Kila kimoja kinaingia kwenye mrija mwembamba wa urefu wa sentimita moja hivi, na kwa watu wengi mirija hiyo miwili inaungana kabla ya kuingia kwenye kifuko cha machozi, kilicholala ndani ya kijishimo cha mfupa. Kutoka kwenye kifuko unashuka mfereji ndani ya mfupa, unamwaga puani, chini kabisa, ubavuni. Kupepesa jicho si kutandaza tu. Misuli ya kope ikikaza na kulegea inayavuta machozi kuyaingiza kwenye mirija. Ndiyo maana mtu aliyepooza upande mmoja wa uso anatokwa na machozi ingawa njia yake iko wazi.

Ndiyo maana pia ukilia unatokwa na kamasi, na ukitiwa dawa ya jicho unaisikia uchungu wake kooni. Nilikuwa nimefundisha sayansi kwa miaka na sikuwahi kuyaunganisha mambo hayo.

Mfereji ukiziba chini ya kifuko, machozi yanatuama ndani ya kifuko. Maji yaliyotuama mwilini hayakai salama. Vijidudu vinazaliana, kifuko kinajaa kamasi na usaha, na usaha unarudi jichoni kwa njia ile ile machozi yaliyoingilia. Siku nyingine kifuko kinaumuka ghafla: uvimbe mwekundu, wa moto, unaouma sana, chini kidogo ya kona ya jicho. Hapo usijikamue wala usimruhusu mtu apitishe kitu kwenye mfereji. Antibiotiki za kumeza au za sindano ndizo zinazotangulia, na uvimbe ukitulia ndipo upasuaji unapangwa. Ukiachwa unaweza kupasuka kwenye ngozi na kuacha tundu linalovuja kwa miaka. Nimewaona wazee wenye tundu hilo, wakiliita jipu lisilopona.

Hospitali ya rufaa daktari hakuridhika na kubonyeza peke yake. Alinitia tone la ganzi, akatanua kidogo kitundu cha ukope wa chini kwa kijiti laini cha chuma, kisha akaingiza sindano butu iliyopinda, yenye bomba lililojaa maji ya chumvi, akasukuma taratibu. Mfereji ukiwa wazi, mgonjwa anasikia chumvi kooni na kumeza. Mimi sikusikia kitu kooni. Maji yalirudi kupitia kitundu cha juu, yakiwa yamechanganyika na utelezi. Kwa daktari hayo yalikuwa maelezo kamili: mrija wa chini uko wazi, mrija wa juu uko wazi, kifuko kipo, kizuizi kiko chini ya kifuko. Kama maji yangerudi kupitia kitundu kile kile alichoingilia, yakiwa masafi, ingemaanisha mrija wenyewe ndio ulioziba, na huo ni ugonjwa mgumu zaidi kuutibu. Kisha akamulika ndani ya pua, maana hakuna faida ya kufungua njia ya kuingia puani kama pua yenyewe imejaa vinyama au ukuta wake wa kati umepinda na kuziba nafasi.

Bomba lile la sindano lina historia. Daktari mpasuaji Mfaransa, Dominique Anel, alieleza mwaka 1713 jinsi ya kutumia kijiti chembamba na bomba dogo kuosha njia ya machozi. Zaidi ya miaka 300! Na kabla yake watu walikuwa wakihangaika na kona hii ya jicho kwa namna za kutisha. Abu al-Qasim al-Zahrawi wa Cordoba, zaidi ya miaka 1000 iliyopita, aliandika namna ya kuchoma kwa chuma cha moto tundu la usaha linalotokea hapo. Ukisoma habari hizo unaelewa kwamba waliougua walikuwa tayari kuvumilia moto usoni ili wapumzike.

Niliuliza kwa nini imetokea kwangu. Jibu la kweli ni kwamba kwa watu wazima mara nyingi haipatikani sababu moja. Mfereji unavimba ndani polepole, unapata makovu, unafungana. Huwapata zaidi wanawake, hasa waliovuka miaka 40, na moja ya sababu zinazotajwa ni kwamba mfereji wa mfupa kwa wanawake ni mwembamba zaidi. Lakini zipo sababu zinazojulikana: kuvunjika mifupa ya pua na uso, upasuaji wa pua, makovu ya trakoma, baadhi ya dawa za saratani, hasa dositakseli, na tiba ya ayodini ya mionzi kwa wenye saratani ya tezi ya shingo. Kuna na jambo moja ambalo halipaswi kusubiri foleni: machozi yenye damu, au uvimbe mgumu unaopanda juu ya usawa wa kona ya jicho. Hapo daktari lazima atafute uvimbe wa saratani ndani ya kifuko kabla ya jambo lingine.

Na si kila jicho linalotoka machozi limeziba. Jicho kavu, kwa namna inayoshangaza, hutoka machozi mengi, kwa sababu linakereka na tezi inajibu kwa kumwaga. Nywele za kope zinazokwaruza mboni, mzio, ukope uliogeukia nje, vyote vinaleta machozi na vyote vina tiba nyingine. Mtu akipasuliwa mfereji ulio wazi atakuwa ameumizwa bure. Kwa hiyo nasisitiza tena: abonyezwe, aoshwe mfereji, ndipo yasemwe mengine.

Upasuaji niliofanyiwa unaitwa dakriosistorinostomi. Wodini wote wanasema DCR. Nitaueleza kwa kirefu, kwa sababu nilipokuwa nausubiri nilitafuta maelezo kwa Kiswahili na sikupata zaidi ya mistari michache.

Kabla ya siku yenyewe niliulizwa kwa makini kuhusu dawa ninazotumia: aspirini, dawa za kupunguza kuganda kwa damu, hata dawa za maumivu za dukani. Eneo lile la pua lina mishipa mingi, na damu ndiyo inayomsumbua mpasuaji kuliko kitu kingine. Presha yangu ilipimwa, ikapimwa tena. Tafadhali mtu asiache dawa yake ya moyo kwa sababu amesoma hapa. Hilo ni la kuamuliwa na daktari aliyemwandikia pamoja na yule atakayempasua.

Watoto na watu wengi wazima hulazwa kwa nusu kaputi. Mimi nilipewa ganzi pamoja na dawa ya kusinzia. Puani waliniingiza shashi ndefu iliyoloweshwa dawa ya ganzi na adrenalini, ya kubana mishipa ya damu, na uchungu wake ukanishuka kooni. Halafu sindano za ganzi kwenye kona ya jicho. Hizo ndizo zilizouma.

Chale ni fupi, sentimita moja hadi moja na nusu, ubavuni mwa pua. Daktari anaitenga nyama huku akiupisha mshipa wa damu unaopita pale, anafika kwenye mfupa, anausogeza pembeni utando unaoufunika pamoja na kifuko chenyewe. Ng'ambo ya kile kijishimo cha mfupa kuna pua. Wazo zima la upasuaji liko hapo: mfereji wa chini ukishaziba, hauhangaikiwi tena. Mfupa ulio kati ya kifuko na pua unatobolewa, kifuko kinafunguliwa, utando laini wa pua unafunguliwa, viwili hivyo vinaunganishwa, na machozi yanaingia puani kwa njia ya mkato.

Nilisikia. Maumivu hayakuwepo, lakini nilisikia mfupa ukimegwa na chombo kinachong'ata kipande kidogo kidogo, mlio mkavu uliokuwa ndani ya kichwa changu mwenyewe, na nesi aliyenishika mkono akiniambia, "Bado kidogo, mwalimu, bado kidogo." Tundu linalotakiwa ni kubwa kuliko nilivyodhani, linakaribia upana wa chale yenyewe. Sababu ni kwamba mwili haukubali kuachiwa tundu. Utajitahidi kulifunga kwa kovu. Uponaji ule ule tunaoutegemea kwenye majeraha mengine ndio unaoweza kuharibu kazi hii. Kwa hiyo daktari anakipasua kifuko kwa urefu kipate pande mbili, ya mbele na ya nyuma, na utando wa pua vivyo hivyo, kisha anashona upande kwa upande kwa uzi unaoyeyuka wenyewe, ili njia mpya ipate ngozi yake ya ndani tangu siku ya kwanza na kovu lisipate pa kushika.

Mwisho unapitishwa mpira mwembamba sana wa silikoni: ncha moja inaingilia kitundu cha juu, nyingine kitundu cha chini, zote zinashuka hadi puani na kufungwa humo. Kinachobaki kuonekana ni kikonyo kidogo kinachong'aa kwenye kona ya jicho, kati ya kope mbili. Kazi yake ni kuilinda njia isifungane wakati inapona. Si kila daktari anauweka kwa kila mgonjwa, na wanabishana wao kwa wao iwapo una faida kwa wote. Wangu aliuweka.

Usiku wa kwanza damu kidogo ilidondoka puani. Niliambiwa nilale kichwa kikiwa juu, kwa mito miwili. Chai ya moto na supu ya moto zilikatazwa siku ile, kwa sababu joto hutanua mishipa na damu ikarudi. Nikanywa chai ya baridi kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Kupenga kamasi marufuku kwa wiki mbili hivi. Chafya ikija, ufungue mdomo itokee huko. Kuinama kufagia, kubeba ndoo, hapana. Jicho lilivilia damu, uso ukavimba upande mmoja, na majirani wakamtazama mume wangu kwa namna ambayo ilibidi niwaeleze mapema. Nyuzi za juu zilitolewa baada ya wiki. Mpira ulikaa kwa miezi, nikijizuia kuusugua, maana ukiuvuta unatoka kitanzi kizima na hapo ni kurudi hospitali bila kukawia. Kuutoa kulikuwa jambo dogo la kliniki: anaukata kwenye kona ya jicho na kuuvuta kutokea puani.

Jambo moja nilitahadharishwa na likatokea. Nikipenga kamasi, hewa hupuliza kwenye kona ya jicho. Ni dalili kwamba njia iko wazi, na nimeizoea. Kovu limebaki mstari mwembamba ambao lazima uutafute ndipo uuone.

Kwa mikono iliyozoea, upasuaji huu wa kupitia ngozi unafaulu kwa zaidi ya wagonjwa 90 katika kila 100. Unaposhindwa, mara nyingi ni tundu limefungwa na kovu, na linaweza kufunguliwa tena. Aliyeuanzisha ni Addeo Toti wa Florence, Italia, mwaka 1904. Yeye alitoboa tu na kuacha. Mwaka 1921 Wafaransa wawili, Dupuy-Dutemps na Bourguet, wakaongeza kule kushona pande za utando, na kwa sehemu kubwa tunachofanyiwa leo ni kile chao. Kupitia puani bila kukata ngozi kulijaribiwa tangu 1893 na Mmarekani Caldwell, lakini nani angeona vizuri ndani ya pua kwa taa za wakati ule? Ilibidi kusubiri kamera nyembamba za pua, na mwaka 1989 McDonogh na Meiring wakaandika namna ya kufanya kazi hiyo hiyo kwa kamera. Njia hiyo haiachi kovu usoni, na mgonjwa hupata nafuu upesi. Inataka vifaa vya gharama na mpasuaji aliyezoea pua. Nimesikia watu wakiahirisha matibabu wakisubiri kwenda India "kwa ile ya kamera." Kwa maoni yangu, aliye na daktari mzuri wa njia ya Toti karibu naye asisubiri. Mstari mwembamba ubavuni mwa pua ni kitu kidogo sana ukiulinganisha na usaha wa kila asubuhi.

Watoto wachanga wana habari yao, na ni habari njema. Mtoto anazaliwa, baada ya wiki chache jicho moja au yote mawili yanalengalenga na kutoa tongotongo, ingawa weupe wa jicho ni msafi. Mara nyingi ni utando mwembamba uliobaki mwishoni mwa mfereji, pale unapofungukia puani, ambao haukufunguka kabla ya kuzaliwa. Kwa takriban watoto 9 katika kila 10 wenye hali hii, utando unafunguka wenyewe kabla ya mwaka kwisha. Kinachosaidia ni kukanda, kama Lewis Crigler wa Marekani alivyoeleza mwaka 1923: mama ananawa mikono, anakata kucha, anaweka ncha ya kidole kwenye kona ya jicho karibu na pua, anakandamiza na kuteremsha kidole kwa nguvu ya wastani kuelekea chini ya pua, mara kadhaa, na kurudia mara chache kwa siku. Kupapasa juu juu hakusaidii. Kinachotakiwa ni msukumo wa maji ndani ya kifuko ufike chini na kuupasua ule utando. Mjukuu wa dada yangu alikandwa hivyo akapona kabla hajaanza kutembea. Mtoto akivuka mwaka na bado, anapitishwa kijiti chembamba kwenye mfereji akiwa amelazwa usingizi, kazi fupi, na wengi wanapona kwa mara moja.

Maziwa ya mama jichoni, ambayo bibi zetu waliyakamua kwa mapenzi yote, hayafungui utando. Wanja nao uwekwe mbali na jicho lenye tongotongo. Na naomba kila mama asome hili vizuri: mtoto ambaye jicho linatoka machozi, anakimbia mwanga, na mboni inaonekana kubwa au ina ukungu, huyo asikandwe nyumbani. Inaweza kuwa presha ya jicho ya kuzaliwa nayo, na hiyo hupofusha. Apelekwe kwa daktari wa macho wiki hiyo hiyo. Vivyo hivyo mtoto wa siku chache tu anayetoka usaha mwingi na kope zimevimba: hilo ni la leo, si la kesho.

Halafu kuna walioumia. Kijana mmoja niliyemfundisha, sasa ni mvuvi, alipasuliwa ukope wa chini na ndoano, karibu kabisa na pua. Alipopelekwa mara ya kwanza ngozi ilishonwa vizuri, jeraha likapona bila tatizo, na tangu siku hiyo jicho lake halijakauka. Mrija wa machozi unapita hapo hapo, milimita chache tu chini ya ngozi, na ulikuwa umekatika. Kila jeraha la ukope lililo kati ya kitundu cha machozi na pua, liwe la ndoano, la kuumwa na mbwa, la ngumi au la ajali ya bodaboda, lihesabiwe kwamba limekata mrija mpaka daktari wa macho aseme vinginevyo. Likiwahiwa, siku ya kwanza au ya pili, ncha mbili za mrija hutafutwa chini ya darubini, mpira wa silikoni unapitishwa ndani yake, na kushonwa juu ya mpira huo. Jeraha lisafishwe, lifunikwe, mgonjwa asafirishwe. Kuchelewa kushona kwa nusu siku si kosa, kosa ni kuuzika mrija ndani ya mshono.

Ukishazikwa na kuwa kovu, kazi inakuwa ngumu. Mirija yote miwili ikiwa imepotea, DCR peke yake haitoshi, kwa sababu machozi hayana pa kuingilia kwenye kifuko. Daktari Lester Jones wa Portland, Marekani, ndiye aliyebuni kijibomba cha kioo kinachowekwa kutoka kona ya jicho moja kwa moja hadi puani. Kinafanya kazi, lakini kinataka kutunzwa maisha yote: kinaziba, kinasogea, mtu akipiga chafya bila kukishikilia kinaweza kutoka. Kijana wangu ameambiwa mrija wa juu bado mzima, na kwa wengine mmoja unatosha pasipo upepo. Anaendelea kwenda baharini na kitambaa shingoni.

Nimeliacha la mwisho lile ninaloliona zito kuliko yote, na limetokea kwa mama yangu. Alikuwa anasubiri kutolewa mtoto wa jicho, jicho la kulia. Upasuaji huo unafanywa kwa wingi sana siku hizi, tena kwa ufanisi, na wazee wengi wenye mtoto wa jicho ndio hao hao wenye vifuko vilivyoziba, wasioona tena haja ya kulalamikia machozi. Jicho likifunguliwa karibu na kifuko kilichojaa usaha, vijidudu vinaweza kuingia ndani yake. Maambukizi ya ndani ya jicho yanaweza kulimaliza kwa siku chache, na kuona kulikotafutwa kunapotea kabisa. Kwa hiyo kabla ya kutoa mtoto wa jicho, kona ile hubonyezwa. Ya mama ilipobonyezwa, usaha ukapanda.

Mama alikasirika. Alikuwa amejiandaa, amefunga safari, na sasa anaambiwa arudi nyumbani. "Mimi nimekuja kwa sababu sioni, machozi nimewaambia yananisumbua?" Daktari, kijana mdogo, alimwamkia tena, akakaa chini usawa wake na kumweleza taratibu. Kwa umri wake na hali ya moyo wake, hawakumshauri DCR. Walimshauri upasuaji mfupi zaidi, wa kukiondoa kifuko chote. Hauleti njia mpya ya machozi, lakini unaondoa ghala la usaha, na kwa mzee ambaye macho yake hayatoi tena machozi mengi hilo mara nyingi linatosha. Alifanyiwa kwa ganzi. Kidonda kilipopona na kona ikabonyezwa bila kutoa kitu, ndipo akatolewa mtoto wa jicho.

Anasoma Kurani yake yenye herufi kubwa sasa, akijifuta kila baada ya kurasa mbili tatu, maana upepo wa alasiri bado unamtoa machozi jicho lile. La kushoto nalo limeanza kufanya ukungu. Tulipokwenda kulipangia tarehe nilikuwa nimejiandaa kuuliza kama wamebonyeza upande huo, na mama akaniambia kwamba wameshabonyeza wakati mimi niko dirishani nashughulikia kadi, na pakavu.